Wali wa Charleston: Nani Alipika, na Nani Aliketi Mezani?

Somo la Historia kwa Madarasa ya Watu Wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Natumaini mmekwisha kukaa, taa inawaka, na redio inasikika vizuri. Mwalimu, tafadhali tundika ramani ya dunia ukutani, kisha uandike maneno haya matano ubaoni: kinu, ungo, kunde, bamia, pilau. Kila mwanafunzi ayanakili katika daftari lake.

Maneno haya si mageni kwenu. Pengine vitu vyenyewe vimo jikoni kwenu hivi sasa. Lakini leo yatatupeleka mbali, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, mpaka katika mji wa Marekani uitwao Charleston.

Mgeni akitaka kujua historia ya mji, kwa kawaida huonyeshwa ngome, majumba makubwa na sanamu za wakubwa. Sisi leo tutaitafuta historia ya Charleston ndani ya chungu. Mji huo unasifiwa kwa chakula chake, na watu husafiri kutoka mbali ili wale katika hoteli zake. Basi tutauliza maswali mawili. Chakula hicho kilipikwa na nani? Na nani aliruhusiwa kuketi mezani akakila? Yashikeni maswali hayo mpaka mwisho wa somo.

MJI ULIPO

Mwalimu, waonyeshe wanafunzi pwani ya mashariki ya Marekani. Shuka na kidole upande wa kusini mpaka jimbo la South Carolina. Hapo ndipo ulipo Charleston, juu ya rasi, yaani ulimi wa nchi kavu, kati ya mito miwili, Ashley na Cooper. Nchi yote ya jirani ni tambarare, ina vijito, vinamasi na visiwa vingi. Maji ya bahari hujaa na kupwa kama kwetu pwani. Kuna kaa, kamba, chaza na samaki wa kila namna.

Kabla ya Wazungu kufika, wenyeji wa nchi hiyo walilima mahindi na kuyapaaza, wakapika uji mzito. Waingereza walianzisha makao yao mwaka 1670, wakayapa jina la mfalme wao, Charles wa Pili. Mwaka 1680 makao hayo yakahamishiwa penye rasi. Jina la Charleston kama tulijuavyo leo lilianza mwaka 1783, baada ya vita vya kujitoa katika utawala wa Uingereza.

Baadhi ya walowezi wa kwanza walitoka kisiwa cha Barbados, ambako mashamba ya miwa yalilimwa na watumwa kutoka Afrika. Walikuja na watumwa wao, na pamoja nao desturi za utumwa. Tangu mwanzo, basi, Waafrika walikuwamo katika mji huo.

MPUNGA ULIOJENGA MJI

Walowezi walitafuta zao litakalowatajirisha. Walijaribu mengi. Mwisho wa karne ya 17 walipata mpunga. Masimulizi ya zamani husema kwamba mbegu njema ililetwa na nahodha mmoja kutoka Madagaska, kisiwa jirani yetu katika Bahari ya Hindi, meli yake ilipoingia bandarini karibu na mwaka 1685 ili itengenezwe. Baadaye aina moja ya mpunga wa huko, wenye maganda ya rangi ya dhahabu, ilipata sifa kubwa ikaitwa Dhahabu ya Carolina.

Lakini ninyi mliolima mpunga mnajua kwamba mbegu peke yake haitoshi. Lazima ujue wakati wa kuingiza maji na wakati wa kuyatoa. Lazima ujue kupalilia, kuwafukuza ndege, kuvuna, kupura, kutwanga bila kuvunja chembe, na kupepeta. Waingereza hawakulima mpunga kwao. Je, maarifa haya yalitoka wapi?

Katika Afrika ya Magharibi, tangu Senegal mpaka Sierra Leone, watu walikuwa wamelima mpunga kwa karne nyingi. Walijenga matuta ya udongo kuzuia maji ya chumvi, wakaweka milango ya magogo ya kupitisha maji. Wafanyabiashara wa watumwa walijua jambo hilo, na wenye mashamba wa Carolina waliwapenda watumwa wa pwani hiyo. Mwanahistoria Peter Wood aliandika habari hizi katika kitabu chake cha mwaka 1974, na Judith Carney akazieleza zaidi mwaka 2001. Alisema kwamba Waafrika walichukua pamoja nao maarifa ya kilimo kizima, siyo nguvu ya mikono tu. Wengine hawakukubali yote. Mwaka 2007 wanahistoria watatu, Eltis, Morgan na Richardson, walijibu kwamba hesabu za meli hazionyeshi uhusiano mkubwa kiasi hicho. Ndivyo historia inavyoendeshwa: huyu hutoa hoja, yule huipima.

Hata hivyo kuna ushahidi usiohitaji mabishano, nao ni kinu na ungo. Kwa muda mrefu mpunga wa Carolina ulitwangwa kwa mkono katika vinu vya magogo, kwa mchi. Kisha ulipepetwa kwa nyungo za majani zilizosukwa kwa mviringo, kwa namna ya Afrika. Wanawake wa huko wanasuka vikapu kwa ufundi huo hata leo, na kuviuza sokoni Charleston. Mwanamke wa Kyela au Mwea akikiona kikapu kile cha kupepetea, hataambiwa kazi yake.

Kazi ya mpunga ilikuwa ya mateso. Watu walisimama majini siku kutwa, penye nyoka na mbu. Homa iliwaua wengi, na watoto wengi walikufa wakiwa wachanga. Kila mtumwa alipewa kipande chake cha kazi kwa siku, mara nyingi robo ya eka. Aliyemaliza mapema aliweza kulima bustani yake ndogo, kuvua samaki au kufuga kuku. Kumbukeni bustani hizo, maana tutazirudia.

Faida ilikwenda kwa wenye mashamba. Kabla tu ya vita vya uhuru vilivyoanza mwaka 1775, Carolina na jirani yake Georgia zilikuwa zikiuza nje zaidi ya ratili milioni 60 za mchele kwa mwaka. Kwa fedha hizo yalijengwa majumba ambayo watalii huyapiga picha leo.

Inakadiriwa kwamba karibu Waafrika wanne katika kila kumi walioletwa utumwani katika nchi ambayo sasa ni Marekani walipitia bandari ya Charleston na visiwa vyake. Wengi walitoka Afrika ya Magharibi, na wengi pia walitoka Kongo na Angola, nchi za Wabantu. Katika miaka ya mwisho kabla sheria haijapiga marufuku kuingiza watumwa tarehe 1 Januari 1808, meli chache zilitoka Msumbiji.

SHERIA YA KALAMU

Sasa sikilizeni kwa makini, maana jambo hili lawahusu sana ninyi mlioshika kalamu usiku huu.

Mwaka 1739, penye mto Stono, karibu na Charleston, watumwa waliinuka wakashika silaha wakitafuta uhuru. Walishindwa, na wengi wakauawa. Mwaka uliofuata, 1740, watawala wa Carolina walitunga sheria kali. Moja ya amri zake ilikuwa hii: ni kosa kumfundisha mtumwa kuandika. Mwaka 1834 sheria nyingine ikaongeza kwamba ni kosa pia kumfundisha kusoma.

Fikirini maana yake jikoni. Mpishi mtumwa aliweza kupika chakula cha kuwashangaza wageni wa bwana wake. Aliweza kukumbuka mapishi mia moja kichwani. Lakini hakuruhusiwa kuandika hata moja pamoja na jina lake. Bibi wa nyumba, aliyejua kuandika, alisimama mlangoni akauliza, akaandika. Mwaka 1847 bibi mmoja wa ukoo mkubwa wa Charleston, Sarah Rutledge, alitoa kitabu cha mapishi kiitwacho The Carolina Housewife. Ndani yake mna mapishi mengi ya wali, na mna vyakula vya asili ya Afrika. Majina ya wapishi waliovileta hayamo.

CHAKULA CHENYEWE

Tukiangalia vyakula vyenyewe, tutaona kwamba vyungu vilitunza kumbukumbu ambayo sheria ilikataza kuandikwa.

Kwanza, wali. Watu wa Charleston wanataka wali uliochambuka, kila chembe peke yake. Namna yao ya zamani ilikuwa kuchemsha mchele, kumwaga maji yaliyobaki, kisha kusogeza chungu kando penye majivu ya moto, kikiwa kimefunikwa, mpaka wali ukauke. Akina mama wanaopalia wali kwa makaa watatikisa kichwa, wataelewa mara moja.

Pili, pilau. Ndiyo, neno ni lilo hilo, ingawa wao hulitamka na kuliandika kwa namna mbalimbali. Neno hilo lina asili ya Uajemi. Kwetu lilikuja kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Kwao lilikuja na watu waliovuka Atlantiki. Pilau yao haina bizari nyingi kama yetu. Mchele hupikwa katika mchuzi wa kuku, au pamoja na kamba au bamia, mpaka mchuzi wote unyweke.

Tatu, wali mwekundu. Mchele hupikwa kwa nyanya, vitunguu na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Mtu wa Senegal au Ghana akiuonja atataja ndugu yake, wali wa jollof.

Nne, wali wa kunde. Wenyewe huuita Hoppin' John, nao umo katika kile kitabu cha mwaka 1847. Kunde ni zao la Afrika, na lilivuka bahari pamoja na watumwa. Wali wa kunde huliwa hasa siku ya Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari, ili mwaka uwe wa heri. Mboga za majani huwekwa kando yake, maana watu husema ni mfano wa noti za fedha.

Tano, supu ya bamia. Hapa lugha yenyewe inatoa ushahidi. Watu wa Marekani ya kusini wana mchuzi uitwao gumbo, na jina hilo limetoka katika jina la bamia kwa lugha za Kibantu za Angola. Karanga waliziita goober, kutokana na nguba ya Kikongo, lugha ya ukoo mmoja na Kiswahili chetu. Ufuta waliuita benne, neno la Afrika ya Magharibi, na hata leo vibiskuti vyembamba vya ufuta huuzwa Charleston kwa jina hilo.

Watu weusi wa visiwa vile walikuza lugha yao wenyewe, iitwayo Gullah. Wasomi wengi walidhani ni Kiingereza kilichoharibika tu. Kisha mtaalamu mweusi, Lorenzo Dow Turner, alikaa nao, akawasikiliza, akaandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1949, kikaonyesha maelfu ya maneno na majina ya asili ya Afrika. Yalikuwamo siku zote. Yalihitaji mtu wa kuyasikia na kuyaandika.

Mwisho niwataje kamba kwa uji mzito wa mahindi yaliyopaazwa. Zamani kilikuwa chakula cha asubuhi cha wavuvi na watu wa nyumbani. Wavuvi weusi wa Charleston waliondoka alfajiri kwa mashua zao ndogo, na wachuuzi walipita mitaani wakinadi kamba kwa sauti ya kuimba. Miaka ya 1980 mpishi Bill Neal, katika jimbo la North Carolina, alikiandaa katika hoteli yake, na gazeti la New York Times likaandika habari zake mwaka 1985. Tangu hapo chakula cha mvuvi kimepanda cheo, na hoteli kubwa hukiuza kwa bei ya juu.

Mwalimu, tupumzike kidogo. Wanafunzi wasome tena maneno matano ya ubaoni, na kila mmoja aseme lipi amelisikia katika habari za Charleston.

SOKO NA HOTELI

Tuendelee. Niliwaambia mkumbuke zile bustani ndogo. Mazao yake yalifika sokoni. Katika karne ya 18 soko la Charleston lilishikwa na wanawake weusi, wengi wao watumwa. Waliuza mboga, kuku, mayai, matunda na keki. Walijua bei na walijua watu. Baadhi ya raia weupe walilalamika kwamba wanawake hawa wananunua vitu mapema na kuvipandisha bei watakavyo. Lakini mji haukuweza kula bila wao. Penye mabucha, tumbusi walizunguka wakila mabaki ya nyama, na watu kwa mzaha wakawaita tai wa Charleston.

Hoteli nazo zilikuwako. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipozuru mji mwezi wa Mei 1791, alifanyiwa karamu katika nyumba ya McCrady. Wageni wakala, wakanywa, wakamtakia heri. Katika mji wa watumwa, tunajua ni mikono ya namna gani iliyogeuza nyama motoni.

Walikuwako pia watu weusi wachache waliokuwa huru. Bibi Sally Seymour, aliyekuwa mtumwa kisha akapata uhuru, alijulikana kwa kuoka keki na vyakula vya unga. Binti yake, Eliza Seymour Lee, aliendeleza kazi hiyo, akaendesha nyumba za wageni. Mabwana waliwapeleka watumwa wao kwake wajifunze upishi. Kwa hiyo ufundi ulipita toka mkono wa mtu mweusi hata mkono wa mtu mweusi mwingine, kama kiwanda cha mafundi.

Mmoja wa wanafunzi wa Bibi Lee alikuwa Nat Fuller, mtumwa. Fuller akawa mpishi wa karamu kubwa za mji. Alikubaliana na bwana wake kwamba atafanya kazi peke yake na kumlipa sehemu ya mapato yake. Mwaka 1860 alifungua hoteli katika mtaa wa Church, akaiita Bachelor's Retreat. Kwa sheria alikuwa mali ya mtu mwingine, lakini wakubwa wa mji walikwenda kula kwake.

Mwezi wa Aprili 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza katika bandari hiyohiyo ya Charleston. Tarehe 18 Februari 1865 majeshi ya serikali ya Marekani yaliingia mjini, na miongoni mwa wa kwanza walikuwa askari weusi. Mji ulikuwa umeungua na kubomoka. Watumwa wakawa huru.

Majira hayo ya mwaka 1865 Nat Fuller aliandaa karamu. Katika meza yake waliketi watu weusi na watu weupe pamoja, sawasawa, wakaimba na kumtakia heri Rais Lincoln na uhuru. Habari hizi tumezipata kwa barua ya bibi mmoja mweupe wa mji huo, aliyeandika kwa kuchukizwa. Alitaka kulalamika, naye bila kujua akatuhifadhia habari njema. Fuller alikufa mwaka uliofuata, 1866.

MEZA INAFUNGWA

Mlango uliofunguliwa haukukaa wazi. Katiba ya jimbo ya mwaka 1895 iliwanyima watu weusi wengi haki ya kupiga kura, na sheria za ubaguzi zikatenganisha watu katika shule, katika magari na katika vyumba vya kulia. Biashara ya mpunga nayo ikafa. Watumwa walikuwa wamekwenda zao, na tufani za mwaka 1893, 1910 na 1911 zikabomoa matuta.

Wapishi weusi walibaki jikoni. Mapema katika karne ya 20 William Deas alikuwa mpishi katika nyumba ya meya, R. Goodwyn Rhett. Husimuliwa kwamba Rais William Howard Taft alipokaribishwa hapo, Deas aliagizwa aipambe supu ya kaa, naye akatia mayai ya kaa jike. Supu ile ya kaa, maziwa na malai ikawa fahari ya mji. Mwaka 1950 mabibi wa Charleston walitoa kitabu cha mapishi, Charleston Receipts, ambacho kimeuzwa kwa miaka mingi. Deas alitajwa na kusifiwa. Lakini mapishi mengi yaliandikwa chini ya majina ya mabibi wa nyumba, ingawa katika nyumba nyingi mwiko ulishikwa na mwanamke mweusi. Mnaona jinsi kivuli cha ile sheria ya kalamu kilivyokuwa kirefu.

Mpishi huyo, akitoka kazini na njaa, hakuweza kuketi katika hoteli inayouza chakula alichopika mwenyewe. Wazee wetu hawatashangaa. Wanakumbuka hoteli za Nairobi wakati wa ukoloni, ambamo Mwafrika aliweza kuingia akiwa amebeba sinia, lakini hakuweza kuingia akiwa mteja.

Tarehe 1 Aprili 1960 wanafunzi 24 wa shule ya sekondari ya Burke, shule ya watu weusi, waliingia katika duka la Kress, mtaa wa King. Duka hilo lilipokea fedha za watu weusi kwa bidhaa nyingine, lakini penye meza ndefu ya chakula weupe tu ndio walioruhusiwa kukaa. Vijana wale waliketi. Hawakupewa kitu. Hawakutukana mtu wala kuvunja chombo. Walikaa saa nyingi, mpaka polisi wakaja kuwakamata. Mmoja wao, Harvey Gantt, mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi mweusi wa kwanza katika chuo cha Clemson, na mwaka 1983 akawa meya wa mji wa Charlotte.

Maandamano yaliendelea. Tarehe 2 Julai 1964 ilitiwa sahihi sheria ya haki za raia, iliyokataza hoteli na nyumba za kulia kumfukuza mtu kwa sababu ya rangi yake. Tangu karamu ya Fuller mpaka sheria hiyo ilipita miaka 99.

HALI YA SASA

Leo Charleston una hoteli nyingi zenye sifa, na wageni ni wengi. Mpunga wa Dhahabu ya Carolina, uliokaribia kupotea, umefufuliwa tangu miaka ya 1980, na sasa ni mchele wa bei kubwa. Mwezi wa Aprili 2015, baada ya miaka 150, wapishi weusi Kevin Mitchell na B.J. Dennis walishiriki kuandaa upya karamu ya Nat Fuller, na watu weusi na weupe wakala pamoja. Tarehe 17 Juni mwaka uleule kijana mweupe mwenye chuki aliingia katika kanisa la watu weusi la Emanuel, akakaa nao katika mafunzo ya Biblia, kisha akawapiga risasi, wakafa tisa. Mambo hayo mawili yalitokea katika mji mmoja kwa muda wa miezi miwili. Yatupasa kuyakumbuka yote mawili.

Mambo ya fedha nayo yana ubaguzi wake. Kodi za nyumba na bei za viwanja zimepanda sana. Pale penye rasi watu weusi walikuwa wengi kuliko weupe mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo ni wachache. Bibi Martha Lou Gadsden alifungua mgahawa wake mdogo mwaka 1983, akapika kuku, kunde na mboga za majani kwa miaka 37. Watu wa magazeti walikuja kumsifu. Mwezi wa Septemba 2020 mgahawa ulifungwa, maana kiwanja kilikuwa kimeuzwa. Alikufa mwaka 2021. Mwezi wa Juni 2023 makumbusho makubwa ya historia ya Waamerika wenye asili ya Afrika yalifunguliwa penye gati ya Gadsden, mahali ambapo maelfu ya watumwa waliteremshwa.

Sasa turudi katika maswali yetu mawili. Chakula cha Charleston kilipikwa, kwa sehemu kubwa, na Waafrika na wajukuu wao. Na kwa muda wa karibu miaka mia tatu watu hao walizuiwa kuketi mezani, na kwa muda mrefu walizuiwa hata kuandika majina yao. Wanahistoria sasa wanatafuta majina hayo moja moja, katika barua, katika matangazo ya magazeti na katika daftari za mahakama. Mengi hayatapatikana tena.

Ninyi hamkatazwi na mtu. Kwa hiyo kazi yenu ya juma hili ni hii. Kila mmoja amwendee mzee wa nyumbani kwake, bibi, mama, shangazi au babu, amwulize namna ya kupika chakula kimoja cha kwao. Ayaandike mapishi hayo kwa sentensi kumi au zaidi. Juu ya ukurasa, kabla ya jambo lolote, aandike jina kamili la mtu aliyemfundisha.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Charleston upo katika jimbo gani, na kati ya mito gani?
2. Sheria za mwaka 1740 na 1834 zilikataza nini? Kwa nini wenye watumwa waliogopa kalamu?
3. Taja vyakula vitatu vya Charleston vinavyofanana na vyakula vyetu. Vinatofautiana wapi?
4. Nat Fuller alifanya nini mwaka 1865? Habari hizo tumezipataje?
5. Wanafunzi 24 wa Burke waliketi tu. Kwa nini kuketi kulihesabiwa kuwa kosa?
6. Je, katika mji au kijiji chenu wako watu wanaofanya kazi ambayo matunda yake hawayapati? Zungumzeni.

Mwalimu, wape wanafunzi nafasi ya kujibu kwanza kwa mdomo, kisha waandike.